Masomo ya kuondoa gari mlimani kwa mwenye kirikuu: niliyoyaona Mwanza

Kwa mwenye haraka: huyu mzee anayefundisha kuondoa gari mlimani, mlipe, pesa yako haitapotea. Ni shilingi 20,000 kwa saa ukienda na gari lako na mafuta yako, na anaongeza kidogo ukitumia Corolla yake. Kazi yake ni moja tu, kukufundisha kuondoa gari la manyuali (la klachi na gia za mkono) mlimani bila kurudi nyuma, pamoja na kushuka kwake. Alama za barabarani na kupaki tafuta kwingine. Mwenye muda asome mpaka chini, kwa sababu yapo na ambayo sikuyapenda.

Mimi nauza mayai kwa jumla. Nayachukua kwa wafugaji wa Kisesa na Igoma, nayasambaza kwenye maduka na migahawa mjini. Leseni ninayo siku nyingi, ila miaka yote nimeendesha IST, oto, ambayo ukifika mlimani unakanyaga mafuta na safari inaendelea. Biashara ikakua, mayai yakakataa kuenea kwenye buti, nikanunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mzigo, Suzuki Carry. Za bei niliyoiweza karibu zote zilikuwa manyuali. Sasa mji wenyewe ni Mwanza. Hapa hata anayekwenda kumwona mgonjwa hospitali ya Bugando anapanda mlima kwanza. Wateja wangu wa maana wako Isamilo na Capri Point, na ukiingia mitaa ya ndani ya Mabatini au Igogo njia inajipenyeza kati ya mawe, inapanda, na katikati ya kupanda unakuta mtu kasimamisha bajaji anahesabu chenji.

Nilianzia kwenye shule moja ya udereva, jina naliacha. Walinifundisha kubalansi klachi (kuiachia na kuishikilia pale inaposhika) vizuri kabisa, kwenye uwanja wa mpira. Nilipouliza mlimani tunakwenda lini, kijana akanijibu, “Mlima utauzoea mwenyewe barabarani, dada.” Nitauzoea na trei mia za mayai nyuma? Aliyenipa namba ya huyu mzee ni dereva wa Fuso anayeleta pumba za kuku Igoma. Jina na namba siweki hapa. Anayemhitaji aniulize pembeni nitamuunganisha. Ni dereva wa malori aliyestaafu, kapanda milima ya Sekenke na Kitonga na mzigo enzi zake, na ukimpa nafasi atakusimulia zote mbili. Mimi namwita mzee, yeye ananiita Mama Mayai, na mambo yanakwenda.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba siku ya kwanza alikataa kufundisha. Alizunguka gari, akaingia, akavuta hendibreki, ikapanda mpaka ikakaribia kwapani. Akasema hapandi mlima na gari la hivyo. Kipimo chake: ukivuta, zile kelele za meno zikizidi kumi, waya umelegea, nenda kwa fundi. Nikaenda, ukakazwa, na breki za nyuma zikasafishwa. Hakunidai saa ile. Kule shuleni hakuna aliyewahi kuigusa hendibreki yangu, na kwa gari la manyuali mlimani hendibreki ndiyo mguu wako wa tatu.

Tulianza kwenye tambarare upande wa Nyakato, redio imezimwa, vioo vimepandishwa, joto kali. Aliniambia niweke gia namba moja, nisiguse mafuta kabisa, niachie klachi taratibu mpaka gari lijitembeze lenyewe, halafu nikanyage, nirudie. Kazi yangu ilikuwa kusema “hapo” kila sauti ya injini inapobadilika. Injini ya Carry iko chini ya viti, kwa hiyo pamoja na kuisikia unaihisi na makalio. Klachi pleti inapoanza kugusana na flaiwili (sahani nzito inayozungushwa na injini), injini inabebeshwa uzito wa gari, mlio unashuka na kiti kinatetemeka tofauti. Ndipo penyewe. Kwenye dashibodi ya kirikuu yangu hamna mshale wa mizunguko ya injini, na mzee anaona ni heri, kwa sababu anayetazama mshale hatazami kioo cha nyuma. Baada ya muda alinifunika macho na khanga yangu mwenyewe (gari limesimama na hendibreki iko juu, msiogope) na bado nilisema “hapo” palepale. Zoezi hilo peke yake lilinitosha kuona thamani ya pesa.

Mlimani tulianza na mwinuko mdogo wa vumbi, kisha Isamilo, Bugando ikawa ya mwisho. Utaratibu wake ni huu. Gari limesimama, hendibreki juu, klachi chini, gia namba moja. Mguu wa kulia unatoka kwenye breki unaenda kwenye mafuta, unakanyaga kidogo, injini inung’unike bila kupiga kelele, na ukishaipata sauti hiyo mguu usiuchezeshe tena. Wa kushoto unaanza kupanda na klachi. Mlio unashuka, pua ya gari inanyanyuka kidogo, nyuma inakaa chini, maana kirikuu linasukumwa na matairi ya nyuma. Hapo mguu wa kushoto unaganda. Unabonyeza kitufe cha hendibreki, unaishusha, na gari linatakiwa libaki palepale, lisiende mbele wala nyuma. Likibaki, ongeza mafuta na malizia kuachia klachi, polepole kuliko unavyodhani inahitajika. Likianza kurudi, hendibreki juu, breki, klachi, anza upya. Likizima, hivyohivyo. Kubishana na mafuta wakati gari linateremka kinyumenyume hakuruhusiwi, na akikuona unajaribu anaivuta hendibreki yeye.

Watu wengi wakiogopa mlima wanaachia klachi haraka, gari linaruka na kuzima. Wengine wanakanyaga mafuta kwa hasira huku klachi iko nusu, injini inalia, harufu inatoka. Mzee ana dawa ya kila kundi. Wa kwanza anawarudisha tambarare wakaseme “hapo”. Wa pili anawasimamisha pembeni, anawashusha, anawaambia wainame wanuse. Na hataki kabisa ulishikilie gari kwa klachi ukisubiri foleni isogee. Wapo wanaojiona mafundi kwa kulining’iniza gari mlimani hivyo, linacheza mbele na nyuma. Yeye anasema huko ni kula klachi pleti kwa kijiko. Umesimama zaidi ya pumzi mbili? Vuta hendibreki, weka fri (gia itoke kabisa), pumzisha mguu. Bei ya pleti, presha na beringi yake nimeshaulizia kwa fundi, na tangu hapo sibishani naye.

Somo bora kuliko yote lilikuwa la mzigo. Aliniambia nisije na mayai, nije na madumu ya maji ya lita 20, kumi yaliyojaa. Ukipiga hesabu anajua anachokifanya: trei moja ya mayai 30 inakaribia kilo mbili, kwa hiyo trei mia ni kama kilo 190 hivi, na madumu kumi ni kilo 200. Huko Japani kirikuu za injini ya cc 660 zimewekewa kikomo cha kilo 350, ingawa hapa kwetu tunazipakia mpaka zinainua pua zenyewe kabla ya kuona mlima. Katikati ya madumu akaweka ndoo ya maji bila mfuniko. Sharti ni kwamba tukifika juu ndoo iwe na maji yake.

Gari lililobeba ni mnyama mwingine. Ile sauti niliyoizoea gari likiwa tupu haikutosha tena. Klachi inagusa, injini inazidiwa, inazima. Inabidi mafuta yawe mengi kidogo kabla ya kuigusa klachi, na ukishusha hendibreki mapema linarudi kwa kasi ambayo likiwa tupu hukuwahi kuiona. Ndoo nayo inakuumbua. Unaweza kuondoka bila kuzima wala kurudi nyuma ukajipongeza, kumbe maji yamemwagika nusu kwa sababu mwishoni uliiachia klachi ghafla. Kwa anayebeba mayai, vioo au keki, kuondoka kwa namna hiyo ni hasara ileile. Saa hiyo ilinifaa kuliko nyingine zote, na kama una biashara ya kubeba, iombe hata kama yeye hakuitaja.

Bugando alishuka akatembea kando ya gari na kigogo cha mbao mkononi, kama utingo wa lori, tayari kukisukumia nyuma ya tairi. Nyuma yangu daladala inapiga honi. Mzee akampungia mkono dereva wake kwa heshima zote, akaniambia kupitia dirishani, “Honi haisukumi gari, Mama Mayai. Sikiliza injini.” Alinifundisha pia kusimama mlimani nikiwa naona matairi ya nyuma ya gari la mbele yangu yanapokanyaga lami, maana naye anaweza kuwa anajifunza. Kwa wa nyuma huna la kufanya. Bajaji zitakusogelea mpaka usizione kwenye kioo.

Kushuka tulikupitia haraka: gia ndogo, breki kwa kugusagusa, ni marufuku kuweka fri ili kuokoa mafuta.

Sasa lawama. Kwanza anachelewa. Miadi yake ya saa nne ni saa nne na nusu, na simu yake haizimwi. Kuna siku alijadili bei ya ng’ombe na mtu wa Magu mimi nikiwa nimening’inia kwenye mwinuko nasubiri neno lake. Dakika hizo hazirudishi usipodai. Nilidai, akarudisha bila ubishi, lakini kwa nini nidai?

Pili, na hili lichukueni kwa uzito, ukienda na gari lako hamna pedeli za pili upande wake kama zilivyo kwenye magari ya shule. Silaha yake ni hendibreki na kigogo. Kwa mtu ambaye tayari anaendesha, hiyo inatosha kwenye njia tulivu. Kwa anayeanza kabisa, haitoshi, na namsifu kwa kukataa kumchukua mtu asiye na leseni, walau ya kujifunzia. Corolla yake inazo hizo pedeli za pili, ila klachi yake imechoka, inashika juu kabisa karibu na mwisho wa pedeli, na utakachozoea humo hukikuti kwenye gari lako. Kama gari lako lipo, nenda nalo.

Tatu, hapa tunatofautiana kimtazamo. Yeye kila kitu ni hendibreki. Ile njia ya kubaki na mguu kwenye breki, ukaileta klachi mpaka inaposhika, halafu ukauhamisha mguu upesi kwenda kwenye mafuta, anaiita ya wavivu na hakunifundisha mpaka nilipomsumbua. Mimi naona ni ya lazima. Foleni ya jioni inayosogea hatua mbilimbili kwenye mwinuko mdogo, mkono hauwezi kupanda na kushuka na hendibreki kila mara, na gari langu likiwa tupu njia hiyo inafanya kazi vizuri. Likiwa na mzigo, sawa, mzee ameshinda. Kurudi nyuma kuelekea juu, pale unapotakiwa kuingiza gari kinyumenyume kwenye geti la mteja lililo juu ya barabara, tulikugusa kidogo sana kwa maoni yangu, na mvua ikinyesha anaahirisha somo, wakati mvua ndiyo inayofanya vumbi la mitaani liwe utelezi.

Mteja wangu mmoja wa Capri Point ana gari jipya la manyuali ambalo lenyewe linashika breki kama sekunde mbili baada ya kutoa mguu, akanicheka kwa kulipia masomo. Mwenye gari la namna hiyo kweli hana haja ya mzee. Wa kirikuu, Fuso na Hiace za zamani, mnayo.

Ukitaka kwenda, chukua nafasi za baada ya saa tatu asubuhi, magari ya wanafunzi yakishapita. Vaa viatu vya soli nyembamba, kwa sababu akikuona na viatu vya kunyanyuka atakuambia uvue uendeshe pekupeku. Kunywa maji kabla, vioo vinapanda. Na ukimlipa kwa simu weka na ya kutolea, maana ikipungua hata mia tano ataikumbuka mpaka somo linalofuata.