Trabant 601 na 1.1: nimeendesha zote mbili, maoni yangu haya hapa

Huku Ujerumani Trabant, yale magari madogo ya Ujerumani Mashariki ya zamani, bado zinakodishwa kwa wanaotaka kuzionja, mi nimeendesha 601 halafu baadae ile ya mwisho kabisa, 1.1, na kwakweli ukizikalia zote mbili unaelewa viwanda vya Ujerumani Mashariki vilikwama wapi.

601 ilitoka 1964 pale Zwickau kiwanda cha Sachsenring, ikaendelea mpaka 1990 na umbo lile lile. Injini silinda mbili tustroki, haifiki hata cc 600, hospawa 26. Pampu ya mafuta hakuna, tangi liko ndani ya boneti juu ya injini petroli inashuka yenyewe, na nyingi hazina geji, unachomeka kijiti unaangalia. Oili inachanganywa na petroli humo humo kama wavuvi wanavyofanya kwenye mashine za boti, sa moshi na harufu utaijua mwenyewe. Breki za ngoma, unakanyaga hasa. Ila gia iko kwenye usukani na ukishaizoea tamu sana. Bodi siyo bati, ni duroplasti, yani mabaki ya pamba yameshindiliwa na resini sababu chuma kilikuwa adimu, na hapo nawapa heko zao, zile paneli haziozi kwa kutu.

Kinachoniuma ni kwamba mainjinia wao walijua kila kasoro ya hii gari!! Miaka ya 60 walishaunda P603, gari la majaribio lenye mlango mkubwa wa nyuma, Golf ya Volkswagen ya 1974 haijazaliwa bado, chama tawala kikaisimamisha. Wakarudi na jingine la majaribio, P610, wakishirikiana na Czechoslovakia, 1979 ikasimamishwa tena. Mpango wa uchumi wa taifa ulishagawa pesa kwingine na hakuna aliyeona haraka, maana watu walikuwa wanasubiri gari miaka 10 na zaidi, used ikauzwa ghali kuliko mpya, sa ukiwa bosi wa mpango na foleni hiyo ipo utaona sababu gani ya kubadilisha kitu?

Miaka ya 80 katikati ndo wakakubaliana na Volkswagen walete mitambo ya kutengeneza injini zao, sehemu ya deni walipe kwa injini zenyewe. Pesa nyingi mno ikazama kwenye injini, bodi mpya ikakosa bajeti. Matokeo ni 1.1 ya mwaka 1990, injini ya Polo ya fostroki cc 1043, hospawa 40 hivi, tangi limepelekwa nyuma, gia imeshuka chini. Inavuta vizuri hata mlimani na mnaweza kuongea bila kupiga kelele, lakini umekaa ndani ya gari la 1964, kelele za upepo zile zile, nafasi ile ile. Na ukuta wa Berlin ulishaanguka Novemba 1989, watu washaanza kununua used za magharibi, nani asubiri hii? Uzalishaji ukafungwa 30 Aprili 1991.

601 naipa nyota 4 kwa raha ya kuendesha, 1.1 naipa 2, injini nzuri imechelewa miaka 20.

Ukikodi chukua 601, mwambie mwenye gari akufundishe gia kabla hujaingia barabarani, na mwenye pumu abaki nyumbani.