Schwalbe G-One Allround ya milimita 40 katika barabara za Mtwara: tathmini baada ya miezi 14

Kwa miezi 14 nimeendesha matairi ya Schwalbe G-One Allround, yenye upana wa milimita 40, kwenye baiskeli ya saiklokrosi (ya mashindano ya nyasi na matope, yenye usukani uliopinda) niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na karibu safari zangu zote zimekuwa za humu mkoani: lami ya kutoka Mtwara Mjini hadi Mikindani, njia ya Msimbati inayopitia Madimba, na vumbi na kokoto za upande wa Tandahimba na Newala, mbele ya zile kilomita 50 za lami za kutoka Mtwara hadi Mnivata. Mara nyingi watu hunisimamisha njiani kuuliza kama baiskeli yenye usukani uliopinda inaweza kweli kutoka nje ya lami. Inaweza, na kinachoamua ni tairi kabla ya kifaa kingine chochote.

Baiskeli ilinifikia ikiwa na matairi ya milimita 33. Upana huo una asili yake: ndio ukomo ambao shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, limeuweka kwa mashindano ya saiklokrosi, na fremu nyingi za aina hiyo zimechongwa kuuzunguka. Mashindano hayo huchukua kama saa moja, katika nyasi na matope ya majira ya baridi ya Ulaya, na mwendeshaji hushuka na kuibeba baiskeli begani panapomshinda. Mimi hukaa juu ya kiti saa nne au tano. Katika mchanga wa njia ya Msimbati tairi la 33 lilikuwa likizama kama kisu, usukani ukivuta upande wake, nami nikilazimika kushuka na kusukuma sehemu ambazo kijana mwenye baiskeli ya kawaida iliyobeba madumu ya maji alipita akiwa ameketi.

Kwa hiyo nilipima. Kati ya miguu ya uma wa mbele nilikuta nafasi ya milimita 52, na nyuma, kwenye mabomba yanayokumbatia gurudumu, milimita 51. Tairi la 40 linaacha kama milimita 5 na nusu kila upande wa nyuma, na kwangu hicho ndicho kiwango cha mwisho, kwa sababu udongo mwekundu wa mvua hujishikiza kwenye tairi na, ukikosa pa kupita, husaga rangi ya fremu na hatimaye kulizuia gurudumu lisizunguke. Anayenunua baiskeli ya changarawe, iliyoundwa kwa njia za kokoto tangu mwanzo, achukue tairi la milimita 45 bila kusita. Fremu zake ni ndefu kidogo, uma umelala zaidi, na nafasi ya tairi ni kubwa.

Kuna jambo la namba ambalo limewapotezea wengi fedha, na ningependa lieleweke vizuri. Kwenye maduka yetu tairi la baiskeli kubwa huitwa tu «la 28», na baadhi ya matairi ya saizi 700, kama haya yangu, nayo yameandikwa 28 ubavuni, kwa hiyo mtu huamini ni kitu kimoja. Si kimoja. Tairi la 28 kwa moja na nusu, la Phoenix na jamaa zake, hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635, ilhali rimu ya 700 ni milimita 622. Tofauti ya milimita 13 haionekani kwa macho dukani, lakini tairi hilo kubwa likivishwa rimu ndogo hupwaya na kuchomoka upepo ukiingia. Fundi wangu wa Chikongola alinitahadharisha mapema: «Mwalimu, usisome hiyo 28, soma namba za mwisho.» Alisema kweli. Ubavuni mwa tairi langu pameandikwa 40-622. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu, na hiyo ya pili haina mjadala. Habari njema ni kwamba matairi ya baiskeli za milimani za inchi 29 nayo ni 622. Mwenye fremu pana anaweza kuyavisha siku akikwama, na ni rahisi kuyapata kuliko haya ya kuagiza. Ya inchi 26 ni 559, wala hayahusiki hapa.

Sasa tairi lenyewe. Uso wake una vifundo vidogo vya mviringo vilivyosongamana katikati, si meno marefu, na kwa sababu hiyo kwenye lami ya Mikindani linakwenda kimya na kwa wepesi kiasi ambacho sikukitarajia kwa upana huu. Kwenye barabara iliyokunjamana kama bati, ambayo ndiyo adhabu kubwa ya njia zetu wakati wa kiangazi, linapunguza mtikisiko uliokuwa ukinifisha ganzi viganja. Sifa hiyo, hata hivyo, inategemea upepo. Nina uzito wa kilo 72, na nimetulia kwenye PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 33 mbele na 37 nyuma. Mafundi wengi, kwa mazoea ya baiskeli za mizigo, hujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, na hapo tairi ghali huwa halina faida yoyote. Kwenye matope tairi la vifundo vifupi halikuundwa kushindana na lile la meno, na mvua zikikolea mimi hubaki kwenye lami. Mchanga mkavu wa pwani ya Msimbati nao haupitiki kwa milimita 40. Mimi husubiri maji yapwe, nikapita kwenye mchanga mbichi ulioshikana, kisha nikifika nyumbani naosha baiskeli yote kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi huanza kula cheni usiku uleule.

Matairi haya yanaweza kutumika bila tyubu, pamoja na maji ya kuziba pancha. Nilitumia njia hiyo miezi sita ya kwanza na mbigili hazikunisimamisha hata mara moja. Lakini maji hayo hukauka, na joto huyakausha haraka zaidi, nami huyaagiza Dar es Salaam. Nilipokosa kuyaongeza kwa wakati nilirudi kwenye tyubu. Mwenye tyubu asishushe upepo mno, kwani gurudumu likigonga jiwe rimu huibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Abebe pia kile kigeuzi kidogo cha shaba cha valvu nyembamba ya Presta, kwa sababu pampu za vituo vya mafuta hazishiki valvu hiyo.

Kuhusu gia nitasema machache. Mbele nina duara moja la meno 40, nyuma gia 11 ambazo kubwa yake ina meno 42, kwa hiyo katika gia ya chini kabisa mzunguko mmoja wa pedali husogeza baiskeli kama mita 2.1, na kwa hiyo nimepanda hadi Newala kutoka upande wa bonde la Ruvuma bila kushuka. Hata hivyo cheni ya gia 11 ni nyembamba na sijawahi kuiona dukani hapa mjini. Anayeanza leo ningemshauri achukue gia nane au tisa na breki za diski zinazovutwa kwa waya, ambazo fundi yeyote anaweza kuzirekebisha.

Matairi mapana yalipandisha baiskeli nzima milimita 7, na baiskeli ya saiklokrosi tayari ina ekseli ya pedali iliyo juu. Wengi wakiona miguu haifiki chini hushusha kiti, nami nilifanya hivyo. Baada ya wiki tatu magoti yalianza kuuma upande wa mbele. Kiti hupimwa kutoka kwenye ekseli ya pedali, si kutoka ardhini. Nilisimama bila viatu ukutani, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, nikapata sentimita 82, nikazidisha kwa 0.883, kizidishi kinachotumika kupimia kiti, ikawa sentimita 72.4 kutoka katikati ya ekseli hadi juu ya kiti. Maumivu yaliondoka. Shingo ya usukani nayo niliipunguza kutoka milimita 110 hadi 90, kwa kuwa katika njia mbaya mwili unatakiwa ukae nyuma kidogo na viwiko vilegee.

Tairi la nyuma sasa limekuwa bapa katikati na vifundo vimekaribia kuisha. La mbele bado ni zima. Nimeagiza moja tu, aina ileile na upana uleule. Hilo jipya litakaa mbele na la mbele litahamia nyuma, kwa sababu gurudumu la nyuma likiteleza kwenye kokoto mtu hujirekebisha, ila la mbele likiteleza huanguka.