Mito mipya kwenye ATH-M50x: raha ya masikio, na besi inakwenda wapi?

Wadau, habari za muda huu. Mezani leo hakuna simu mpya wala spika ya kutikisa ukuta. Nina hedifoni ya siku nyingi, Audio-Technica ATH-M50x, na jozi tatu za mito yake: ya kiwandani, ya mahameli, na ya mchanganyiko wa mahameli na ngozi bandia. Mito ndiyo hizo pete laini zinazozunguka sikio, ambazo mtaani tumezoea kuziita sponji. Na msimamo wangu nautoa mapema, mwenye haraka aondoke nao: ukibadilisha mito umebadilisha hedifoni. Hujabadilisha foronya hapo, umegusa sauti yenyewe.

Kwa nini M50x? Kwa sababu mnazo wengi. Imeingia sokoni mwaka 2014 kumrithi M50, na mpaka leo utaiona kwa watu wanaotengeneza biti chumbani, wahariri wa video, watu wa podikasti. Draiva zake, yaani vile vispika vidogo vya ndani, ni za milimita 45, ukinzani wake omu 38, kwa hiyo hata simu ya kawaida inaisukuma bila amplifaya. Uzito wake bila waya ni gramu 285. Sauti yake sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mto wa asili: hauna kina. Ukiwa na masikio yaliyochomoza kama haya yangu, sikio linagusa kitambaa cha ndani, na ukikaa kuhariri kwa muda mrefu linaanza kuuma pale kwenye gegedu.

Halafu kuna joto. Ile ngozi ya mto siyo ngozi ya ng'ombe, ni bandia. Mito mingi ya aina hii hutengenezwa kwa poliyurethani iliyobandikwa juu ya kitambaa, na poliyurethani ina maadui wawili wakubwa, unyevunyevu na joto. Mvuke ulio hewani unaivunjavunja polepole hata hedifoni ikikaa kabatini. Jasho na mafuta ya nywele vinaongeza kasi. Ndiyo maana unavua hedifoni unakuta vigamba vyeusi shingoni, watu wanakuuliza umepaka nini. Kwa sisi wa Dar, Tanga, Unguja na Mombasa, usidhani umeuziwa feki. Hewa yetu ndiyo inayoila. Na wale wanaofuta mito kwa spiriti, acheni, mnaikausha na kuipasua. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo wengi wanapoumia baada ya kununua.

Hedifoni iliyofunikwa nyuma, kama hii, inategemea hewa iliyobanwa kati ya draiva na sikio lako. Besi ya chini kabisa ni mgandamizo wa hewa kwenye hicho chumba kidogo. Chumba kikiwa kimefungwa vizuri, draiva ikisogea mbele, hewa inabanwa na ngoma ya sikio inasukumwa. Pakiwa na upenyo, hewa inachepuka kabla haijakufikia, na kinachoondoka kwanza ni zile sauti nzito za chini. Sauti ya mtangazaji haitapungua sana, matoazi hayatapungua, ila gitaa la besi litakuwa kama limetoka nje ya chumba.

Kwa hiyo tukaanza na mto wa mahameli. Raha tupu, nisiseme uongo. Kitambaa kinapumua, hakigandi kwenye shavu, masikio hayapiki. Lakini kitambaa kinachopitisha jasho lako kinapitisha na hewa yako. Niliweka rumba, besi imelegea, inasikika lakini haina uzito. Nikaweka singeli, na mnajua singeli inavyokimbia, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika: kiki, yaani mapigo ya ngoma nzito, zikawa zinagonga tu juu juu bila ule msukumo wa kifuani. Nikaweka taarabu, ajabu, hapo nikafurahi! Kanuni, ile ala ya nyuzi, na fidla zimejitokeza, kila uzi unausikia. Sehemu ya hiyo furaha ni danganya toto, kwa sababu trebo, yaani zile sauti kali za juu, haikuongezeka sana. Besi iliyokuwa inaifunika ndiyo imeondoka. Na kelele za nje zinaingia. Bodaboda ikipita nje ya dirisha unaijua ni ya injini gani.

Mtu wa kurekodi sauti azingatie hili mara mbili. Mto unaovujisha hewa kuingia unavujisha pia kutoka. Msanii akiwa kwenye maikrofoni amevaa mito ya mahameli na amefungulia biti juu, ile biti itaingia kwenye maikrofoni, na utakuja kuisikia siku ya kumiksi.

Mto wa mchanganyiko ndio ulionivuta. Upande unaogusa uso ni mahameli, ukuta wa ndani na wa nje ni ngozi bandia. Hewa inavuja kidogo pale juu tu, kuta zinazuia. Besi inapungua, ndiyo, lakini siyo kwa kiasi cha kuniudhi. Kilichobadilika zaidi ni kina. Mto huu ni mnene kuliko wa kiwandani, sikio haligusi kitu, na draiva imesogea mbali na sikio. Umbali huo unabadilisha sauti za juu kwa namna ambayo huwezi kuitabiri kwa kutazama picha dukani: baadhi ya vilele vya trebo vinahama, vingine vinashuka. Kwangu mimi herufi "s" na "sh" za mwimbaji zimetulia kidogo, na muziki umepata nafasi, kama vile vyombo vimeachiana hatua. Wapo wanaoipenda M50x kwa ule ukaribu wake, wakivaa mto huu watasema sauti imerudi nyuma. Hawajakosea.

Mto mnene una gharama nyingine isiyosemwa: unapanua utepe wa kichwani, na utepe uliopanuka unabana zaidi. M50x inabana tangu asili. Siku za mwanzo taya zitajua. Sponji la ndani likiwa la memori, lile linalobonyea taratibu na kulainika kwa joto la mwili, litakaa vizuri baada ya dakika kadhaa. Likiwa sponji la kawaida gumu, utasubiri mpaka lizeeke.

Kuna kipimo cha bure kila mtu anaweza kukifanya sasa hivi, hata kabla hujanunua chochote. Tafuta programu ya kutoa toni kwenye simu, weka hezi 40, sauti ya wastani. Sasa bonyeza vikombe vya hedifoni taratibu kwa viganja vyako. Toni ikiongezeka waziwazi, mito yako inavuja. Ikibaki vilevile, iko sawa. Fanya ukiwa umevaa miwani, kisha uivue. Mkono wa miwani unafungua mfereji mdogo nyuma ya shavu, na mto mgumu wa ngozi hauwezi kuuziba. Hapo sponji la memori linasaidia kweli. Dada zangu mnaovaa ushungi, kitambaa chembamba cha kulala chini ya mto hakina shida kubwa, kinachoharibu ni mikunjo na pini. Lainisha kitambaa pale sikioni kwanza ndiyo uvae. Wenye rasta nene nanyi jaribuni, zisogezeni nyuma ya sikio, mtashangaa besi ilikuwa wapi.

Kuvalisha mto kunatesa watu bure. Kwenye M50x mto una mdomo mwembamba unaoingia kwenye mfereji unaozunguka kikombe. Anza upande wa chini, uingize mdomo, kisha zunguka nao. Ukigoma, chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, itumie kuusukuma mdomo ndani kidogo kidogo. Usitumie bisibisi, utatoboa. Kama mito yako imekatwa kwa mteremko, upande mnene unakaa nyuma ya sikio. Na kwa hedifoni yoyote ile, ukikuta kisponji chembamba kimefunika draiva chini ya mto wa zamani, usikitupe na uchafu. Kile kimewekwa makusudi kupunguza ukali wa trebo. Kwenye Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, hicho kisponji kinashikwa na mto wenyewe, ukivua mto kinaanguka na unaweza hata usikione kilipokwenda.

Kwa kuwa nimeitaja DT 770 Pro: matoleo yake ya omu 80 na 250 yanatoka kiwandani na mahameli, na yametengenezwa kwa hesabu za mahameli. Kwa hiyo msiseme mahameli ni mbaya. Ukiyavalisha hayo ngozi bandia, shida inageuka: besi inavimba. Mtengenezaji alipanga sauti yake na mto wake, ndiyo kanuni pekee ninayoiamini hapa.

Kuna swali huwa linakuja kila nikigusa mada hii: "Je, hizi za kuzima kelele, Sony WH-1000XM4 na Bose QC35?" Hapo mimi natulia. Hizo zina maikrofoni ndani ya kikombe zinazosikiliza kilichomo kati ya draiva na sikio, na hesabu zake zimepangwa kwa mto wenye unene na uzibaji fulani. Ukiweka mto mnene wa mtaani, uzimaji kelele unaweza kupungua, hasa mngurumo wa chini kama wa feni au ndege. XM4 ina pia sensa ndani ya kikombe cha kushoto inayojua kama umevaa. Kitambaa kikiifunika vibaya, muziki utakuwa unajizima wenyewe. Kwa hizo, tafuta mto unaofanana na wa asili kadiri uwezavyo, vipimo na nyenzo, hata kama utalipa zaidi.

Basi nani anunue nini? Kama unamiksi kwa M50x na masikio yako yameizoea, nunua mto wa kiwandani, kubali utabanduka tena, panga bajeti. Kama unahariri au unasikiliza tu, na unaishi kwenye joto, chukua mchanganyiko, kisha ongeza besi kidogo kwenye ikwalaiza (ile sehemu ya kupandisha na kushusha besi na trebo), chini ya hezi 100, nusu desibeli nusu desibeli mpaka utosheke. Mahameli tupu kwenye hedifoni hii ningempa mtu wa mikutano ya mtandaoni anayeshinda amevaa kutwa. Anayeagiza mtandaoni, angalieni herufi baada ya M50: mito ya M50x inaingia pia kwenye ndugu yake M40x, ila M50xBT, ile ya bluetooth, ina matoleo mawili, kwa hiyo mwandikie muuzaji jina zima. Kama hujui yako inavaa mto gani, niachieni modeli kamili kwenye maoni hapo chini, nitajibu zile ninazozijua.