Kamera ya porini ya laki na tisini: picha inatoa, ugomvi unabaki wako

Naleta riviu ya kamera ya porini (ile unaifunga kwenye mti, inapiga picha yenyewe kitu kikipita) niliyofunga shambani kwetu huko mbele ya Maneromango, maana watu wengi wa Dar wenye mashamba Kisarawe na Mkuranga wanaziulizia na wauzaji wanawajibu tu "chukua bosi, hii kiboko" halafu basi.

Shamba ni la marehemu mzee, ekari 22, huku chini mikorosho na muhogo, huko juu ni pori ambalo hatujawahi kuligusa, na hilo pori ndo shida yenyewe. Wanaingia watu na mbwa kufukuza nguruwe pori, wanaingia wa mitego ya waya wanatafuta kanga na digidigi, wanaingia wa mkaa, wanaingia ng'ombe wa watu, na ukimkuta mtu ukamuuliza wewe umeingiaje humu hakuna hata mmoja anayesema samahani, wote wameruhusiwa. Huyu karuhusiwa na mwenyekiti, huyu na mlinzi, yule na "mdogo wako yule mrefu" (sina mdogo mrefu), na wazee ndo kabisa wanakwambia alituruhusu baba yako, sasa hapo unajibu nini, umuite marehemu aje athibitishe?

Bango la marufuku kuingia tulishaweka, la bati zuri tu. Bati likaondoka, nguzo nayo ikafuata.

Ndo nikaenda Kariakoo. Bei ilianzia 260,000 tukamalizana kwa 190,000 pamoja na memori kadi ya GB 32, betri unajitegemea, inakula 8 zile za rimoti na ukiweka za bei rahisi hazimalizi hata mwezi kama njia ina pilika. Dai risiti ya EFD. Mie walinipa kikaratasi cha mkono nikagoma kuondoka pale kaunta mpaka ikatoka ya mashine, maana garantii bila risiti ni hadithi tu.

Kwenye boksi kuna picha ya mnyama wa kizungu mwenye mapembe ya matawi matawi, na kitabu chake kizima kinaongelea wawindaji, kwa sababu hizi kamera soko lake kubwa ni wawindaji wa Marekani. Kule mtu anakuwa na pori lake binafsi, na sehemu nyingi ukitaka kuwinda humo lazima mwenye ardhi akuruhusu, na kumbe wanagombana vile vile kama sisi, huyu anasema niliruhusiwa na baba yako, huyu anasema mimi nafuata tu mnyama niliyemjeruhi kwa jirani. Texas tangu 1997 wana sheria kwamba ukipaka mistari ya rangi ya zambarau kwenye miti ya mpakani, hiyo ni sawasawa na bango la kukataza watu wasiingie. Nikaipenda sana hiyo nikamwambia mlinzi tupake na sisi, akacheka akasema bosi hapa watu wakiona rangi kwenye mti watajua barabara inapita, kesho utakuta wameshajenga vibanda wanasubiri fidia. Nikaona ana hoja.

Haya tuje kwenye kifaa. Mchana picha ni safi, sura unaiona vizuri mtu akiwa hatua kumi, kumi na tano hivi, zaidi ya hapo unatambua shati tu. Usiku ndo kuna kitu ambacho muuzaji wangu hakukijua kabisa na nyie mkijue. Taa za usiku ziko aina mbili, kuna za 850 na za 940, namba inaandikwa kwenye boksi kwa maandishi madogo. Za 850 zinamulika mbali na picha inakuwa na mwanga ila mtu akiwa mbele yake anaona wekundu hafifu, za 940 hazionekani kabisa na macho ila picha inakuwa na giza na haifiki mbali. Kama shida yako ni nyani na nguruwe chukua 850. Kama shida yako ni binadamu chukua 940, maana binadamu akiona kitu chekundu kwenye mti usiku anakifuata kujua ni nini na asubuhi huna kamera.

Haitaki kuelekezwa mashariki wala magharibi, jua la asubuhi na la jioni linaingia moja kwa moja unapata picha nyeupe tupu. Ielekeze kaskazini au kusini. Pia inashtuka kwa joto linalotembea, sasa majani marefu yakipigwa na jua la saa nane halafu upepo ukavuma, kwake hiyo ni mtu. Mwanzoni nilikuwa napokea picha za nyasi, nyasi, nyasi, mbuzi, nyasi, mpaka tukafyeka mbele yake. Na usiifunge kifuani kama kitabu kinavyosema, hicho kimo ni cha wanyama. Kwa watu ipandishe juu ya kichwa, mtu apite chini yake, uiinamishe kidogo. Watu wa shamba wanatembea wanaangalia chini au mbele, juu ya mkorosho nani anaangalia. Kingine sisimizi, wanapenda sana kile kichumba cha betri, paka grisi kidogo kwenye kamba.

Halafu weka tarehe na saa kabla ya kuifunga! Ikitoka dukani inasoma mwaka wake yenyewe, ukipeleka ushahidi kwa mtendaji wenye tarehe ya kabla hujanunua kamera watakucheka wote pale ofisini.

Yangu ni ya laini, inatuma picha kwenye simu. Ujue hiyo laini imesajiliwa kwa NIDA yako na alama zako za vidole, kwa hiyo kamera ikiibiwa kitu cha kwanza ni kupiga simu wafunge laini, mambo ya kulia yafuate baadae. Picha inayokuja kwenye simu ni ndogo, ya kuonea tu kuna nini, ile kubwa inabaki kwenye kadi na lazima mtu apande kuitoa. Wakati wa masika nilikaa sana bila picha, mtandao unakatika wenyewe na sola niliyoongezea haikupata jua la maana.

Sasa hapa ndo penyewe. Picha iliyonifanya nitoke Dar ilikuja alfajiri, kamera inasoma 05:12 yaani saa 11 na dakika 12, vijana watatu, mbwa wanne, nguruwe kafungwa nyuma ya bodaboda na mpira wa tairi, kofia ya mmoja unaisoma maandishi. Nikaiprinti stesheneri pale Gongo la Mboto nikaenda nayo kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti akamuita mzee mmoja jirani yetu, wa rika la baba.

Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Akaishika ile picha mbali na macho akaiangalia sana, akasema, "Hii mimi siikatai, huyu wa kofia ni mjukuu wangu. Lakini baba yako mwenyewe alituambia nguruwe wakija kwenye muhogo wafukuzeni, msisubiri mpaka mniite Dar."

Nikamwambia, "Sawa mzee, alisema wafukuzeni. Hakusema wapakieni kwenye bodaboda."

Watu wakacheka na yeye akacheka, kikao kikalainika. Maana wote pale tunajua kijijini wengi hawali, yule nguruwe safari yake ilikuwa mjini.

Ila mnaona kamera ilipoishia? Swali la nani kaingia limekwisha dakika moja. Swali la kaingia kwa ruhusa ya nani halina picha. Na mzee hakuwa anadanganya, mama alikuja kunithibitishia kwamba baba kweli aliwahi kusema hivyo, tena mbele yake.

Aliyetusaidia ni mtendaji wa kijiji, kijana mdogo tu lakini kichwa kinafanya kazi. Akasema hapa mnachanganya ruhusa mbili. Kuna ruhusa ya kukanyaga shamba, hiyo mwenye shamba anaweza kuitoa na anaweza kuiondoa. Na kuna ruhusa ya kuua mnyama, hiyo baba yako hakuwa nayo wala wewe huna, kwa sheria ya wanyamapori ya 2009 wanyama wote ni mali ya umma chini ya Rais hata wakilala kwenye mikorosho yako, anayewinda lazima awe na leseni. Kwa hiyo marehemu kuruhusu sawa, ila aliruhusu kitu ambacho si chake. Nguruwe wakisumbua shamba anaitwa afisa wanyamapori wa wilaya. Hapo kila mtu akanyamaza, na mimi pia, maana nilikuja na moto wa "shamba langu wanyama wangu".

Na kuhusu kuingia penyewe msidhani kila aliyekanyaga kwako ni wa kupeleka polisi. Kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu kinataka mtu awe ameingia kwa nia ya kutenda kosa, au kutisha, kutukana au kuudhi. Mama anayekatiza na ndoo kichwani hana nia hiyo. Mwenye mtego wa waya mfukoni, huyo tunaongea mengine.

Tukaandikiana pale pale, kurasa mbili za daftari, muhuri wa kijiji. Njia ya kwenda kisimani inabaki wazi kwa ruhusa yangu, kuni kavu za chini waokote, mbwa na gobore na mitego marufuku, anayeona nguruwe anipigie mimi au mtendaji. Hilo neno kwa ruhusa yangu niling'ang'ana liandikwe na sio kwa ubishi. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, mtu akikaa kwako wazi wazi bila kuulizwa miaka yote hiyo anaweza kuja kukusumbua kwamba ni pake, lakini aliyeingia kwa ruhusa yako ni mgeni wako tu hata akae miaka mingapi. Wengi wa mjini tunakataza kwa mdomo halafu tunarudi Dar, hiyo ni hasara tupu. Na kama mngeshindwana mjue Baraza la Kata tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu halitoi hukumu, hukumu ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko jiandae kuhudhuria.

Wa mkaa sitaongea sana. Kamera ilitoa picha zao za usiku, magunia na pikipiki, na kwenye picha mbili aliyewaangazia njia kwa tochi ni yule mlinzi wangu mwenye utani wa fidia. Naye alipoulizwa akasema aliwaruhusu kwa sababu mti ulishaanguka. Saizi kuna mlinzi mwingine.

Jambo moja la kuangalia, na hili wauzaji hawaligusi. Mwanzo niliifunga kwenye njia ya kisimani kwa sababu ndo kila mtu anapita, nikajikuta kwenye simu yangu nina picha za wamama na mabinti wa watu alfajiri na kanga zao, wengine wametoka kuoga. Hizo nilizifuta nikaihamisha siku ile ile, nikaweka upande wa porini tu. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, mume wa mtu akijua una picha ya mke wake kwenye simu hakuna muhuri wa kijiji utakaokuokoa. Na ukipata picha ya mwizi usiirushe kwenye grupu la kijiji la WhatsApp ukaandika "huyu hapa", peleka kwa mtendaji au polisi, watu wanapigwa kwa picha kama hizo na pengine alikuwa anafuata mbuzi wake.

Tangu tumeandikiana mbwa sijawaona tena kwenye picha. Mitego miwili ilipatikana upande wa bondeni ambako kamera haifiki, kwa hiyo siwezi kusema kamera imemaliza tatizo. Nguruwe wenyewe wamerudi kwa fujo, muhogo wa kusini wamelala nao. Nimempigia afisa wanyamapori, kasema anakuja.

Nyota: picha za mchana 4, za usiku 3, betri 2, huduma ya duka baada ya kununua 1, maana ile kamba ya kufungia ilikatika na nilipopiga simu wakaniambia nije na kamera yenyewe, yaani nikaishushe kutoka Maneromango niilete Kariakoo kwa ajili ya kamba. Kama shamba lako halina mtandao chukua isiyo na laini, ni rahisi zaidi na inadumu na chaji, utaisoma kadi ukienda. Kama una mtandao ulizia kwanza ni upi unaoshika huko kwako, kwangu unashika mmoja tu na ni juu ya mkorosho. Kamba ya kwenye boksi itupe, nunua mnyororo mwembamba na kufuli.