TAHADHARI: Fundi wa funguo za gari anayezunguka na pikipiki. Kanila pesa, kanivua nguo feri

Jamani, siku tatu najiuliza niandike ama ninyamaze, maana aibu yenyewe ni yangu. Lakini jana shemeji yangu wa Mikindani, hapa Mombasa, kaniambia naye kapewa nambari ya fundi huyo huyo. Basi, liwe liwalo.

Gari langu lilinijia na ufunguo mmoja tu. Haya ya mtumba kutoka Japani mara nyingi ndivyo yanavyokuja. Na rimoti ya huo mmoja ilikuwa imechoka, unabonyeza mara kumi mlango uitike mara moja. Mke wangu kila siku ananiimbia: ukipotea huo, tutafanyaje? Ndipo nikamwita fundi huyo anichongee wa pili.

Kwa nini nilimwamini, kabla hamjanicheka: kwanza alinielekeza mtu ninayeswali naye safu moja. Pili, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, Majengo, na mkoba wake na ile mashine ya kuchomeka chini ya usukani, waya mnene, kioo kinawaka. Tatu, na hapa ndipo aliponimaliza, aliniomba kitambulisho na kitabu cha gari, akavipiga picha. "Ami, mimi sichongei wezi." Wallahi moyo ukatulia. Nikamwitishia chai ya maziwa na mahamri. Mwizi wangu nimemlisha mahamri kwa mkono wangu!

Mjini walikuwa wameniambia shilingi 15,000. Yeye 9,500, nitangulize 4,000. Akachukua ufunguo wangu, akasema mashine ya kukatia iko kwa mwenzake Mwembe Tayari, nusu saa tu. Alikaa saa moja na nusu. Aliporudi hata nikamshukuru Mungu.

Sasa ngojeni. Kakaa kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje. Kachomeka mashine, ikalia tii, tii. Kaniambia, "Ami, simama kule nyuma uniangalilie taa." Nikaenda kama mtoto wa chuoni. Kabonyeza rimoti mpya: milango ikafunga, ikafungua, taa zikakonyeza. Kijana wangu akapiga makofi. Halafu akatia ufunguo mpya, akazungusha, gari likawaka papo hapo. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Mara tatu, naona kwa macho yangu! Nilichokiona nisikitilie maanani ni kwamba funguo zote mbili alikuwa ameshazitia kwenye pete moja, ule wa zamani unaning'inia pale pale ubavuni mwa tundu, umegusana na mwenziwe. Mimi nikadhani ni ustaarabu, ananikabidhi zikiwa pamoja. Nikamtumia 5,500 iliyobaki kwa M-Pesa, likatokea jina la mwanamke. "Laini ya mke wangu hiyo, ami." Sawa. Nikamwongezea na mia mbili ya mafuta, mimi.

Siku nne natembea na ile pete, mambo shwari. Ijumaa tukavuka kwenda Likoni kwenye shughuli. Ndani ya feri nikazima gari. Mpwa wangu akataka kushuka na waenda kwa miguu awahi matatu, na jioni yeye ndiye angelichukua gari, kwa hiyo nikautoa ule ufunguo wa zamani nikampa. Mimi nikabaki na mpya, unang'aa. Feri ikagota, magari ya mbele yakatoka. Nikazungusha. Stata inalia, injini haishiki. Krrr, krrr, krrr. Kwenye dashibodi kitaa chekundu kinapepesa. Nyuma yangu lori, nyuma ya lori matatu, honi zimekolea kama msafara wa bibi harusi. Mpwa namwona kwa mbali anamezwa na umati, nampigia, hasikii. Wanaume wanane walinisukuma kuupanda ule mwinuko wa kutokea, nami nimo ndani ya kanzu nyeupe, nimeshika usukani kama naendesha. Mke wangu kiti cha mbele kajifunika mtandio uso mzima.

Fundi mwingine, huyu wa kweli, aliubandua ule ufunguo kwa ukucha tu. Mahali pa chipu mna donge la gundi iliyokauka. Akanifahamisha: rimoti ya milango ni kitu kimoja, chipu inayoiruhusu injini ni kitu kingine, na chipu husomwa na koili iliyozunguka tundu la ufunguo, kwa ukaribu sana. Kumbe siku zote nne gari lilikuwa linausoma ule wa zamani pale kwenye pete. Wangu mpya ni ganda. Nimelipa upya, na nimefutisha funguo zote kwenye kompyuta ya gari nikatiliwa chipu mbili mpya, maana yule alikaa na ufunguo wangu saa moja na nusu na nyumbani kwangu anapajua. Sijui alichonga funguo ngapi.

Nambari yake sasa ni "mteja hapatikani" asubuhi na jioni. Nimeripoti polisi, nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio, ninayo. Huyu mtu alale jela ya Shimo la Tewa. La, afadhali apewe kazi pale feri, kila gari linalozimika alisukume yeye peke yake, jua la saa saba, na honi nyuma.

Dalili zilikuwepo, kipofu ni mimi. Hana kibanda. Jina la M-Pesa si lake. Anaondoka na ufunguo wako. Ukipewa ufunguo mpya, washa gari kwa huo peke yake, wa zamani mtu asimame nao ng'ambo ya barabara. Kuna na lile la mashine kuonyesha funguo ngapi zimesajiliwa, nilielezwa, lakini nilikuwa nimechemka sikulishika vizuri. Mshenzi yule! Hata mahamri alibakisha nusu.

Anayemjua anitafute faraghani. Na wewe kijana wa shati la manjano uliyekuwa ukirekodi pale feri, tafadhali ifute hiyo video. Mama yangu ashaiona.