Doctor Who: Utabiri Uko Ndani ya Msimu, Jibu Liko Nje

Hamjambo watazamaji, karibuni tena, tuko Kisumu. Leo ni zamu ya Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya msafiri wa wakati aitwaye Doctor, ambaye hubadilika sura badala ya kufa, na nitaichambua upande mmoja tu: utabiri wake na mafumbo yake, maana ndiyo yanayowafanya mashabiki wa hapa hadi Nakuru wazozane bila kumalizana. Nitataja majibu waziwazi. Kama hujamaliza msimu wa 7 pamoja na episodi maalum ya Krismasi ya 2013, funga video urudi baadaye.

Shida ya kwanza haiko kwenye hadithi, iko kwenye ufungashaji. Tamthilia inauzwa kwa misimu, lakini utabiri mkubwa mara nyingi hutolewa au hujibiwa kwenye episodi maalum za sikukuu, kama Krismasi na Pasaka, ambazo hazimo kwenye msimu wowote. Ukichukua msimu wa 4 wa 2008 na wa 5 wa 2010, kila mmoja una episodi 13, na katikati yake umeruka episodi tano. Mojawapo ni Planet of the Dead ya Aprili 2009, ambapo abiria wa basi aitwaye Carmen anamwambia Doctor kwamba wimbo wake unaisha, na kwamba "atabisha mara nne". Jibu liko kwenye The End of Time, sehemu mbili, ya 25 Desemba 2009 na 1 Januari 2010. Ukiruka hizo, msimu wa 5 unakuletea Doctor mwenye sura mpya na hujui yule wa awali ameenda wapi.

Kwa hivyo kabla hujamlipa anayekunakilia misimu, kagua majina ya faili. Episodi maalum mara nyingi huwekwa chini ya S00, yaani msimu sifuri, na anayekunakilia huziacha kwa sababu folda haina namba anayoijua. Jambo lingine: kuna "msimu wa 1" mara tatu. Kuna wa 1963, kuna wa 2005, halafu hesabu ikaanzishwa upya 2024. Taja mwaka, usitaje namba peke yake. Kwa mjadala wa leo unahitaji 2005 hadi Krismasi ya 2013.

Sasa tuje kwa huyo mbishaji, kwa sababu hapo ndipo unaona fundi anavyofanya kazi. Tangu 2007 adui anayeitwa Master alikuwa akisikia ngoma kichwani, mapigo manne, mapigo manne. Mashabiki wakaunganisha: mwenye mapigo manne ndiye atakayebisha. Nadharia nzuri kabisa! Na waandishi wakaichochea: kwenye The Waters of Mars, Novemba 2009, mlango unabishwa mara tatu, na Doctor anakatiza kabla ya mara ya nne. Mwishowe Master anaondoka, Doctor anadhani amepona, na ndipo mzee Wilfred, babu yake Donna aliyekuwa msafiri mwenza wa Doctor, anabisha polepole mara nne kwenye kioo cha chumba alichofungiwa, chumba kinachokaribia kujaa mionzi. Doctor anaingia badala yake.

Tazama kilichowapoteza watu. Maneno yalitimia vilevile yalivyosemwa; walichokosea ni mtu. Huo ndio mtindo wa tamthilia hii karibu kila mara. Mwaka 2006 Rose, msafiri mwenza wa Doctor, aliambiwa atakufa vitani, na mwisho wa msimu akaandikwa kwenye orodha ya waliokufa huku yuko hai katika dunia nyingine. Wanandi nao husimulia kwamba Orkoiyot Kimnyole, kiongozi wao wa kiroho, alitabiri nyoka wa moto na moshi atakayekuja hadi ziwani, na mwaka 1901 nyoka akafika hapa Kisumu, akiwa na magurudumu.

Basi ukitaka kubishana vizuri, andika mambo matatu kwa kila utabiri: maneno kamili, aliyeyasema, na kile ambacho hakikutajwa. Hicho cha tatu ndicho chenye mali. Washa maandishi ya chini, maana kuanzia 2010 watu wanaongea mbio.

Na usidharau mavazi. Katika episodi ya 5 ya msimu wa 5, Flesh and Stone, Doctor anapoteza koti lake kwa Malaika Wanaolia, maadui wanaofanana na sanamu. Dakika chache baadaye anamrudia Amy, msafiri mwenzake, ambaye amefumba macho, na koti liko mwilini. Wengi walisema ni kosa la wapiga picha. Wiki nane baadaye, kwenye The Big Bang ya 26 Juni 2010, tukaonyeshwa kuwa aliyemrudia Amy alikuwa Doctor wa baadaye, akirudi nyuma katika maisha yake mwenyewe. Koti lilikuwa ushahidi mezani muda wote huo.

Palipolegea ni utabiri wa "Kimya kitaanguka". Ulitajwa Aprili 2010, ukajibiwa Krismasi ya 2013. Jibu lenyewe lina akili: kundi la Kovarian, maadui wa Doctor, lililipua TARDIS, chombo chake cha kusafiria, ili asifike sayari ya Trenzalore, na mlipuko huo ndio uliotoboa ufa katika wakati, ambao swali la "Doctor nani?" lilikuja kuulizwa kupitia kwake. Walichokizuia ndicho walichokisababisha. Lakini tunaambiwa kwa mazungumzo ya haraka, hatuonyeshwi. Baada ya kungoja zaidi ya miaka mitatu na nusu, hiyo ni dharau kidogo kwa mtazamaji.

Kifo cha Doctor ziwani, msimu wa 6 wa 2011, nimekipenda zaidi. Wengi walishikilia kwamba aliyeuawa ni pacha wa Doctor aliyetengenezwa katika episodi ya 5 na ya 6. Kumbe ni mashine inayoweza kuiga sura ya mtu, Tesselecta, iliyoonyeshwa kwenye episodi ya 8. Chombo kilikuwa wazi kabla ya jibu, hakuna aliyeibiwa.

River Song, mwanamke msafiri wa wakati anayekutana na Doctor bila kufuata mpangilio, usimpange kwa umri wake. Mwone kwa mpangilio wa kurushwa, mwanzo ukiwa Silence in the Library ya 2008, ijapokuwa ndiyo safari anayofia.

Kama pesa inatosha msimu mmoja tu, chukua wa 5. Koti na nyufa vinafungwa humo humo, na swali kubwa linalobaki ni nani alilipua TARDIS.