Altezza, Chaser, B4 na Mark X 350S: uzoefu wangu wa sedani za mwendo nikiwa Tanga

Watu wakijua nimewahi kumiliki Toyota Chaser Tourer V, swali la kwanza huwa lilelile: inafika ngapi? Inafika kilomita 180 kwa saa. Toyota Altezza nayo ilifika 180, Subaru Legacy B4 hivyo hivyo, na Mark X 350S ninayoendesha sasa haizidi hapo, kwa sababu magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hufungiwa mwendo huo tangu kiwandani. Swali hilo halimsaidii mnunuzi hata kidogo. Mimi kwa miaka yote niliyokaa na sedani hizi nimezipima mahali pawili: zinalipitaje lori la saruji kati ya Muheza na Segera, na zinashukaje kutoka Lushoto mpaka Mombo zikiwa na watu wanne na mizigo kwenye buti.

Mjini sihesabu. Tanga ni mji wa baiskeli, na kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni mtu mwenye akili zake anakwenda polepole, awe na gari la nguvu za farasi 60 au 300. Kwenye makazi sheria ni 50, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo.

Nieleze kwanza hilo la lori, maana ndiyo kazi halisi ya injini kubwa katika barabara zetu. Lori na tela lake lina urefu wa mita kama 18. Ukiongeza nafasi ya kutokea nyuma yake na nafasi ya kurudi mbele yake bila kumbana dereva, unahitaji kulizidi kwa mita 50 hivi. Ukilipita kwa tofauti ya kilomita 20 kwa saa, utakaa upande usio wako sekunde 9. Ukilipita kwa tofauti ya 40, ni sekunde 4 na nusu. Nusu ya hatari imeondoka. Hiyo ndiyo faida ya gari lenye nguvu kwa baba mwenye familia, na ndiyo maana huwa nakereka mtu akisema magari haya ni ya vijana wahuni tu. Lakini nguvu hiyo iwepo pale unapoihitaji, yaani injini ikiwa imetulia nyuma ya lori kwenye mwendo wa 60, isiwe nguvu ya kutafutwa.

Altezza RS200 ndiyo ilinifundisha hilo. Ni gari zuri sana, sitaki mtu anielewe vibaya. Ilitwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 1998 na 1999, na injini yake ya 3S-GE, lita 2 bila tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), inatoa farasi 210 kwenye ile ya gia sita za mkono. Silinda hedi yake ilisanifiwa kwa ushirikiano na Yamaha. Usukani unakuambia kila kitu, kile kidashibodi chenye saa ndogondogo ndani ya saa kubwa bado nakitamani, na uzito wa gari umegawanyika vizuri kiasi kwamba kona za Soni, njia ya Lushoto, unazipita kwa raha. Tatizo ni kwamba farasi zote 210 zinafika kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na nguvu ya kuvuta inakamilika kwenye 6,400. Nyuma ya lori lazima ushuke mpaka gia ya pili, uikamue injini mpaka ilie, ndipo itoke. Ukiwa peke yako ni burudani tupu. Ukiwa na mama mkwe nyuma, ule mlio unamtisha.

Yangu pia ilikuja ikiwa imefungwa springi fupi na mmiliki wa kwanza huko Japani. Kwa matuta yetu, springi fupi ni adhabu. Nilirudisha za kiwandani mapema, na nashauri kila anayeagiza gari la namna hii aombe picha za chini ya gari kabla hajalipa.

Chaser nitaizungumza zaidi. JZX100 Tourer V ilitengenezwa kuanzia 1996, ndugu zake wakiwa Mark II na Cresta, na ndani yake mna 1JZ-GTE: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.5, bloku ya chuma, tabo moja. Kwenye makaratasi ni farasi 280, maana wakati ule watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza zaidi ya hapo, mpaka makubaliano hayo yalipoachwa 2004. Namba muhimu kwangu ni nyingine: nguvu ya kuvuta ya Nm 378 kwenye mizunguko 2,400 tu. Hapo ndipo injini inapokuwa ukimfuata lori kwa utulivu. Unawasha indiketa, unakanyaga, na gari linaondoka kama limesukumwa na mkono mpana mgongoni. Halipigi kelele. Kabla abiria hajamaliza sentensi yake umesharudi upande wako. Sijawahi kuendesha injini nyingine yenye adabu ya namna ile, na nasema hivyo nikiwa na gari lenye nguvu kuizidi.

Ila Chaser inataka mtu anayeelewa joto. Tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na inapozwa na oili na maji yaleyale ya injini. Ukitoka Segera mwendo mzuri, ukafika nyumbani Raskazone na kuzima ghafla, oili iliyobaki kwenye shafti ya tabo inaungua na kuganda. Mimi nilikuwa natuliza mwendo tangu Pongwe, nikifika getini naiacha iungurume taratibu imesimama dakika moja au mbili. Hakuna kifaa kinachoshinda tabia hiyo. Oili nayo: kuna duka moja la spea mjini liliniuzia galoni ambayo fundi wangu alipoimimina tu mkononi aliikataa, nyepesi kama maji na harufu yake siyo. Tungeiweka, tabo ile ingekufa ndani ya wiki chache. Tangu hapo nanunua kwa wakala na nafungua mfuniko mbele ya muuzaji.

Halafu themostati. Hapa naomba wamiliki wote wa magari ya ukanda wa pwani wanisikilize, hata wa IST. Kuna mazoea ya gereji nyingi: gari likichemsha, fundi anatoa themostati na kuitupa, na mteja anarudi nyumbani akifurahi. Chaser yangu nilipoinunua Dar es Salaam tayari ilikuwa imetolewa. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake. Ukiitoa, injini inabaki baridi muda mrefu, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umewasha gari asubuhi, basi inazidisha petroli. Plagi zinakuwa nyeusi, petroli inavuja mpaka kwenye oili na kuipunguza uzito, na mafuta yanaisha kama yanamwagika. Na chanzo cha kuchemsha bado kipo palepale: rejeta iliyoziba, feni iliyochoka, mfuniko wa rejeta usiobana. Yangu ilikuwa rejeta. Mtu alikuwa akiijaza maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi na chokaa. Tuliibadilisha, tukarudisha themostati mpya na kulanti (maji maalumu ya rejeta) ya kweli, na mshale wa joto haukusogea tena hata kwenye foleni ya saa nane mchana mwezi wa pili.

Niliiuza kwa sababu ya spea. Ilikuwa inazeeka, na kila kitu cha mpira ndani yake kilikuwa kinaelekea mwisho kwa pamoja: mipira ya maji, bushi za mikono, mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Injini yenyewe ilikuwa bado nzima kabisa.

Legacy B4 RSK niliinunua kwa ajili ya mvua. Magurudumu yote manne yanavuta, injini imelala chini kwa silinda zilizotazamana, na masika yakikolea, udongo mwekundu ukishuka barabarani juu ya Mombo, hakuna hata moja kati ya hizi nyingine iliyonipa utulivu ule. Ina tabo mbili: moja inafanya kazi mizunguko ikiwa chini, ya pili inaingia baadaye. Kati ya hizo kuna mahali, kwenye mizunguko 4,000 na kitu, ambapo ya kwanza inamkabidhi mwenzake na gari linalegea kidogo kabla ya kuondoka tena. Wote walioendesha kizazi hicho wanalijua. Ukilizoea unaliruka kwa gia, lakini likikukuta katikati ya kulipita lori linakufanya utazame kioo mara mbili. Mfumo huo unaongozwa na mipira mingi myembamba ya hewa, na joto la miaka mingi huifanya ngumu na kupasuka. Fundi asiyeijua ramani yake atakuzungusha. Hapa Tanga nilimpata mmoja tu aliyeijua, na alipohamia Arusha nami nikaanza kutafuta mteja.

Kuhusu kushuka Lushoto, nguvu za farasi hazina kazi tena, kazi ni ya breki. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona, bonde upande mmoja na jabali upande mwingine. Dereva anayekanyaga breki mfululizo anazipasha mpaka zinanuka, na mwisho kanyagio linazama. Chanzo ni mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na sisi tunaishi baharini. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji, kiwango chake kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea, kwa hiyo mguu wako unabonyeza hewa. Nabadilisha mafuta ya breki kila mwaka, DOT 4, na nateremka kwa gia ileile ambayo ningepandia. Gharama yake ni ndogo kuliko tairi moja. Bado nakutana na watu wenye rimu za milioni na mafuta ya breki meusi kama kahawa, na inaniuma, kwa sababu wanabeba watoto.

Sasa Mark X 350S. Huu ni mfano wa pili wa Mark X, uliotoka Oktoba 2009 na kuendelea hadi Desemba 2019. Injini ni 2GR-FSE, V6 ya lita 3.5, haina tabo, farasi 318, gia sita za otomatiki, na cheni badala ya mkanda wa taimingi. Kulipita lori haina utamu wa Chaser, nakiri kwa moyo mweupe. Inashusha gia mbili kwa wakati mmoja, inanguruma, inakwenda. Lakini inafanya hivyo siku zote, iwe alfajiri yenye baridi au mchana wa jua kali, ikiwa na watu watano ndani na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Hakuna tabo ya kusubiri wala ya kupoza. Soni inashuka ikiwa imeshikilia gia ya chini, na breki hazijawahi kunilegea.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wauzaji hawalisemi. Mark X iliyo nyingi mitaani ni 250G, yenye 4GR-FSE ya lita 2.5. Hiyo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda tu, kwa hiyo hakuna kinachosafisha valvu za kuingizia hewa, na kwa miaka masizi hujikusanya pale. 2GR-FSE ina seti mbili za sindano: moja ndani ya silinda, nyingine kwenye njia ya hewa, na petroli ya seti hii ya pili huziosha valvu. Kwa mtu anayetaka kukaa na gari muda mrefu, tofauti hiyo ina uzito kuliko farasi zilizoongezeka. Pampu ya maji ya familia hii ya injini ndiyo ya kuangalia: ukiona alama ya waridi ya kulanti iliyokauka karibu na mkanda wa mbele, ibadilishe kabla haijakuacha njiani Mkata usiku.

Inakula mafuta, ndiyo. Na kodi yake ni kubwa, kwa sababu ushuru wa bidhaa unapanda injini ikivuka cc 2,000, na gari likizeeka linaongezewa ushuru wa uchakavu juu yake. Altezza, yenye cc 1,998, iliponea kwenye hilo la cc.

Tairi nazo, kabla sijasahau: soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Za mtumba zinazoletwa mjini nyingi zina kashata (meno ya tairi) nene na umri mkubwa, na mpira uliozeeka haushiki lami iliyolowa hata uwe na kashata kiasi gani. Gari la farasi 300 lisivae hizo.

Nikiulizwa leo cha kununua, nitasema 350S bila kusita, na kwa mwenye fundi wa kuaminika na akiba ya spea, Chaser ambayo haijaguswa injini. Kwa anayeitafuta 350S, usiamini nembo ya nyuma, maana nimeshaona 250G zilizobandikwa nembo hiyo zikiuzwa kwa bei ya kaka yake. Fungua boneti usome kibati cha chasisi. 350S ni GRX133. Ikiandikwa GRX130, hiyo ni ya lita 2.5, na mjadala wa bei uanzie hapo.